Tembo Kumi Weusi

Kila asubuhi, filimbi ya askari wa langoni ilipolia, watu wa aldeamento walijipanga mstari na karatasi zao mkononi. Mwenye guia, yaani kibali cha kutoka, iliyogongwa muhuri alitoka nje ya uzio kwenda shambani. Asiyekuwa nayo alibaki ndani. Huo ulikuwa mwaka wa 1971, kando ya mji wa Palma, na kijiji hicho cha uzio kilijaa Wamakonde walioletwa kwa malori kutoka uwanda wa juu pamoja na watu wa pwani waliohamishwa vijijini mwao. Serikali ya Wareno ilisema imewakusanya ili iwalinde na vita. Wenyewe walisema mengine, lakini waliyasema kwa sauti ya chini.

Domingas, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuwa na haja ya kujipanga mstarini. Mama yake, Luísa, alikwenda shambani. Baba yake alikuwa "safarini", na kwa kuwa kila mtu alijua safari hiyo ilikuwa ya msituni, kwa wapigania uhuru, hakuna aliyeuliza atarudi lini. Kazi ya Domingas ilikuwa kufagia maranda kwenye banda la mjomba wake, kisha kumchagulia majani ya msasa ya kulainishia mti.

Mjomba huyo, Cândido, alikuwa mchongaji. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa na ulimi mkali, na alizungumza na gogo kabla ya kulitia tezo. Hakuwahi kuchonga vitu viwili vinavyofanana. "Vikifanana viwili," alikuwa akisema, "kimoja kimeiba uso wa mwenzake." Mpingo ulikuwa umemwishia. Misitu ilikuwa nje ya uzio, njia zake zilitegwa mabomu, na chini ya kitanda chake yalibaki magogo matatu tu, aliyoyafunga gunia kama urithi. Domingas alipenda kumtazama. Kwa Wamakonde kuchonga ni kazi ya wanaume, kwa hiyo yeye alisugua tu, lakini macho yake hayakuwa yakisugua. Yalikuwa yakijifunza.

Siku moja ya Jumatano alitumwa chumvi kwa Mzee Mwinyimadi. Mzee huyo asili yake ilikuwa Mikindani, ng'ambo ya Ruvuma. Biashara ilimleta kusini, akaoa, akabaki, na sasa duka lake lilikuwa karibu na lango. Siku hiyo alikuwa amefungua katoni lililokuja na meli kutoka Porto Amélia, na watoto walikuwa wamejazana mlangoni wakisukumana.

Domingas alipenya mpaka mbele, akashtuka hadi akaisahau chumvi. Juu ya meza walikaa wanasesere wa plastiki, ishirini na wanne. Walikuwa na nywele za manjano, mashavu mekundu na macho ya buluu yanayofumba ukiwalaza na kufumbua ukiwainua. Mtoto wake yeye wa kuchezea, mpaka siku ile, alikuwa bunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Aliona aibu kwa ajili ya lile bunzi, kana kwamba lingeweza kusikia.

Mjomba Cândido naye alifika, maana habari za duka hazikawii. Yeye na Mzee Mwinyimadi walikuwa watani.

"Karibu, mtu wa milimani," mzee alimwambia. "Umekuja kuona dunia inavyokwenda?"

Cândido aliisogelea meza. Alimchukua mwanasesere mmoja, akamchukua wa pili, akawaelekeza uso kwa uso. Kisha akawatazama wote mezani, mmoja mmoja, na midomo yake ikaachana. Domingas hakuwahi kumwona mjomba wake amepigwa na butwaa namna ile.

"Mama gani huyu," aliuliza mwishowe, "aliyezaa watoto ishirini na wanne, wote uso mmoja?"

"Hawana mama. Wana mashine."

"Ndiyo maana." Alimnusa yule aliyekuwa mkononi, akakunja pua. "Mti naujua umekulia wapi. Udongo naujua umechimbwa wapi. Hiki sijui kimetoka tumboni mwa nini. Hakikupita mkononi mwa mtu, mtani, na siku moja kitamdhuru mtoto wa watu. Kumbuka nimesema."

"Watoto wa Wareno wanachezea hao hao na hawajafa," mzee akacheka. Alimwonyesha mjukuu wake, Mwanawetu, mtoto wa miaka miwili aliyekaa mkekani karibu na mama yake, Somoe. Mwanawetu alikuwa ameshapewa boneka wake, kama walivyowaita, na alikuwa akimnyonya mguu kwa bidii. "Nawe, badala ya kununa, nichongee tembo. Askari wa kambini wanamaliza zamu, wanataka tembo wadogo wa mpingo wa kuwapelekea watoto wao. Kumi, wote sawasawa."

"Kumi sawasawa? Kaiambie mashine yako."

"Haya. Atakayeniletea tembo kumi weusi kabla lori lao halijaondoka, namlipa kitambaa na kumwongezea boneka."

Alisema hivyo kumchokoza Cândido, wala hakumtazama msichana. Lakini msichana alisikia.

Bahati, au tuseme balaa, ilimfungulia njia. Wiki iliyofuata mjomba aliitwa kutengeneza milango ya kapela, lile kanisa dogo, akawa anatoka asubuhi na kurudi jua likikaribia kuzama. Nyuma ya nyumba palikuwa na gogo la msufi lililokatwa zamani. Msufi ni mti mweupe, laini. Kisu huingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Domingas alichukua kisu kifupi ambacho mjomba hakukitumia tena, akaketi nyuma ya jiko, akaanza.

Tembo wa kwanza alimchukua asubuhi nzima. Alimpindia mkonga, akamchongea masikio kama majani ya mkorosho, na alipomaliza alicheka peke yake kwa furaha. Alijua amefanya kitu kizuri. Kisha akahesabu siku. Akakata umbo la tembo kwenye boksi la sabuni, na wengine wote akawachora kwa kulizungushia mkaa juu ya mti. Kazi ikaenda mbio. Alipofika wa tano alikuwa hamtazami tembo tena, alitazama boksi. Wa nane alitoka na mkonga mfupi, akajiambia askari hatampima. Wa kumi hakumbuki alimchonga saa ngapi.

Lakini walikuwa weupe. Alijaribu mkaa, ukamwachia vidole vyeusi. Alijaribu masizi, nayo yakafutika. Ndipo alipokumbuka korosho. Ulikuwa msimu wake, na mama alizikaanga kwenye karai kuukuu. Maganda yalitoa mafuta meusi mazito yaliyobaki chini ya karai, yale ambayo mafundi wa mashua huyapaka mbao zisiliwe na wadudu. Mbao hizo huwa nyeusi, zinang'aa.

Sasa, msomaji, hakuna mtoto wa pwani ile asiyejua ukali wa ganda la korosho. Kila mmoja amewahi kung'ata korosho mbichi na kubambuka midomo. Domingas alijua vilevile. Ila alijiwekea hoja, na mtu anayetaka kitu sana hakosi hoja: korosho ikishakaangwa tunaila, haituunguzi, kwa hiyo hata mafuta yake yakipita motoni ukali umekwisha. Hakumwuliza mama. Hakumwuliza mjomba. Aliwapaka tembo wake kwa unyoya wa kuku, akawaanika juu ya paa la jiko siku mbili. Walitoka weusi, wanapendeza, ungedhani mpingo.

Tone moja lilimdondokea kwenye kifundo cha mkono. Kesho yake pakavimba, ngozi ikawa nyeupe katikati na nyeusi pembeni. Alipafunga kitambaa. Mama alipouliza, alisema ameunguzwa na chungu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini yeye hakutaka pole. Alitaka boneka.

Siku ya Alhamisi aliwafunga tembo kwenye jani la mgomba, akaenda dukani.

"Shikamoo, babu. Mjomba amenituma."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe mtani amelainika?" Mzee Mwinyimadi alimpima mmoja kiganjani. "Mbona wepesi hivi?"

"Ni mpingo mchanga, babu."

Mpingo mchanga! Hakuna mchongaji ambaye asingecheka. Lakini mzee alijua chumvi, mafuta ya taa na khanga. Miti hakuijua. "Mimi sina haja ya kuikagua kazi ya Cândido," alisema. "Jina lake lanitosha. Mwambie aje achague kitambaa chake." Akampa Domingas boneka wake, na tembo tisa akawatia kwenye kasha lililokuwa likisubiri lori la askari. Wa kumi alimpa Mwanawetu, aliyekuwa amekwisha nyoosha mkono na kuanza kulia. "Tutasema huyu mmoja amefia njiani," mzee akacheka.

Domingas alirudi nyumbani na boneka ndani ya khanga. Alimlaza, boneka akafumba macho. Akamwinua, akafumbua. Alifanya hivyo mara nyingi, na kila mara furaha ilipungua kidogo, kwa kuwa alikuwa akiwaza jinsi mjomba atakavyoitwa kuchagua kitambaa asichokijua. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshauona mwisho wake kwa mbali.

Hakufika huko. Jumamosi asubuhi kilisikika kilio dukani. Watu walikimbia, Domingas na mjomba wake wakiwamo. Somoe alikuwa amempakata mwanawe, naye Domingas alipomwona mtoto alijishika mdomo. Midomo ya Mwanawetu ilikuwa imevimba mara mbili, ngozi imechubuka, nyeupe katikati na nyeusi pembeni, mate yanamtoka na hawezi kuyameza.

Anli, mwuguzi wa posto, ile zahanati ndogo ya kijiji, alikuwa amechuchumaa mbele yake. "Ametia nini kinywani?"

"Nini tena zaidi ya hili boneka?" Somoe alisema huku akimfuta mtoto mate. "Tangu lije halimtoki mdomoni."

Cândido akasogea mbele. "Nilisema," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mbele yenu hapahapa nilisema kitamdhuru mtoto wa watu."

"Sijawahi kuona plastiki ikifanya hivi," Anli alijibu polepole. "Lakini kama ndicho alichokinyonya, kiondoeni." Alimsafisha mtoto mdomo kwa maji, akamwambia mama amlete tena kesho.

Ghadhabu za watu zilikuwa zimekwisha pata pa kwenda. Mzee Mwinyimadi, uso umemsawijika, alilibeba katoni mwenyewe hadi uwanjani akalimwagia mafuta ya taa. Wanasesere wote waliobaki waliungua pamoja. Nywele ziliondoka kwanza, kisha zile nyuso zinazofanana zikaanza kuteremka kama nta, na moshi mweusi wenye uvundo ukawafanya watoto wakohoe na kulia. Domingas alitazama kwa hofu kuu. Mjomba naye alitazama, mwanzoni ameinua kidevu, kisha akageuza uso.

Domingas alikimbia nyumbani kumtupa boneka wake. Ndivyo alivyoamini, kama wengine wote: plastiki ni sumu. Alipokuwa akimtoa mafichoni, kile kitambaa cha mkononi kikafunguka, akaona kidonda chake. Kilikuwa cheupe katikati na cheusi pembeni, na ngozi ilikuwa ikibambuka. Alikuwa amekiona kidonda hicho dakika chache tu zilizopita, kwenye midomo ya mtoto. Akaketi chini.

Alikaa hapo muda mrefu akijitafutia tena hoja. Boneka ameondolewa. Mtoto atapona. Hakuna aliyetaja tembo, hakuna atakayetaja. Alasiri majirani walikuja kumsifu mjomba kwa jicho lake la fundi, naye akazipokea sifa zote. "Mashine haina huruma," alikuwa akisema. "Mkono wa mtu hauwezi kumfanyia mtoto jambo kama lile." Kila aliposema "mkono wa mtu", Domingas aliuficha wake.

Asubuhi ya Jumapili alishindwa kuvumilia, akaenda dukani kumwona mtoto. Alitarajia kumkuta na nafuu. Somoe alikuwa mkekani, macho mekundu kwa kukesha. Mwanawetu alikuwa na hali mbaya kuliko jana. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka, na chini ya jicho la kushoto palikuwa na uvimbe mpya. Ndani ya ngumi yake alikuwa na tembo mweusi, aking'ata mkonga wake.

"Angalau hiki kinamnyamazisha," Somoe alisema kwa sauti ya uchovu. "Usiku kucha nimempa hiki. Kazi ya mjomba wako, Mungu amjalie."

Domingas alimtazama yule tembo. Usiku kucha. Wakati yeye alipokuwa amelala akijiambia mtoto atapona, mama wa mtoto alikuwa akimpa sumu ile kwa upendo. Alimrukia mtoto akampokonya tembo. Mwanawetu akapiga yowe, na Somoe akamshika Domingas mkono kwa nguvu.

"Una wazimu wewe?"

"Si boneka," Domingas alisema. "Si boneka, Bi Somoe. Ni huyu. Nimempaka mafuta ya maganda ya korosho awe mweusi. Si mpingo, na mjomba hakunituma. Nimefanya mimi." Akafungua kitambaa, akaonyesha mkono wake.

Somoe alimwachia kama aliyeshika kaa la moto. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimtazama tu, na Domingas angependa zaidi kupigwa.

Anli aliletwa mbio. Sasa alijua anatibu nini. Aliipaka mikono na uso wa mtoto mafuta ya nazi, akayafuta, akaosha kwa sabuni na maji mengi, akarudia tena. Alimkata kucha, akamfunga vitambaa mikononi asijifikiche. Alipomaliza alijifuta jasho.

"Hiki ni kitu kinachokula ngozi," alimwambia Domingas. "Sisi tulimwondoa boneka, tukamwachia sumu mkononi. Siku nyingine moja na vidole hivi vingeingia jichoni." Akamwonyesha ule uvimbe chini ya jicho la mtoto. "Mficha maradhi kifo humfichua, binti. Umshukuru Mungu umesema kabla."

Mjomba Cândido alifika wakati huo. Alimpokea tembo kwa kitambaa, akamgeuza, akamkwaruza kwa ncha ya kisu. Chini ya ule weusi palitokea weupe wa msufi. Alitazama weupe ule kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Nani amemchonga?"

"Mimi, mjomba."

"Nani amesema nimechonga mimi?"

"Mimi."

Aliketi juu ya gunia la chumvi. Mwishowe aliuliza wako wangapi, naye Domingas akasema kumi. Mzee Mwinyimadi akalileta kasha, limeshafungwa kamba, kwa maana lori lilikuwa liondoke adhuhuri. Cândido akaikata kamba ile. Tisa walikuwamo wote.

"Unajua hawa wangekwenda wapi?" alimwuliza mpwa wake. "Mifukoni mwa askari. Wakivimba mikono wangeuliza nani amewatilia sumu. Na jina walilopewa hapa dukani ni moja. Baba yako yuko safarini, Domingas. Unadhani wangeniuliza mara mbili?"

Hapo ndipo Domingas alipolia. Mpaka wakati huo alikuwa amefikiria midomo ya mtoto na aibu yake. Hakuwa amefikiria kwamba kisu kidogo nyuma ya jiko kingeweza kumwondolea mjomba.

"Mbele ya watu nilijisifu," Cândido akamgeukia Mzee Mwinyimadi, "na mbele ya watu naomba radhi. Nilishuhudia jambo nisiloliona. Nimekuchomesha mali yako kwa sababu ilikuwa ngeni machoni pangu, na madhara yalitoka katika banda langu."

"Moto niliwasha mwenyewe, mtani," mzee alijibu. "Nami nilipokea mzigo bila kuutazama, kwa sababu ya jina. Tumekosa wote, wakubwa kwa wadogo." Lakini hakutabasamu, na utani haukurudi siku hiyo.

Anli alikataza kuwachoma wale tembo, kwani hata moshi wa mafuta yale hudhuru macho. Wakachimba shimo refu mbali na kisima, wakawafukia wote kumi.

Domingas alimrudisha boneka, wa mwisho aliyebaki katika katoni lote. Kabla ya kumpeleka, mjomba alimchukua akamchunguza kwa muda banda lilipokuwa kimya. Alipitisha kidole kwenye mstari mwembamba uliotoka kichwani hadi unyayoni.

"Tazama," alisema. "Hapa ndipo kalibu zake mbili za kumiminia zilipokutana. Na kalibu haijichongi. Yupo mtu mahali fulani, fundi kama mimi, aliyekaa akauchonga uso huu wa kwanza kwa mkono wake. Labda aliupenda. Mashine imeurudia tu mpaka umechosha. Mimi nilisema hapa hapana mkono wa mtu, na haikuwa kweli."

"Kwa hiyo plastiki ni nzuri, mjomba?"

"Sijasema hivyo. Siipendi, hainuki mvua wala msitu. Lakini haikumdanganya mtu. Ilisema, mimi ni plastiki, nichukue au niache. Mti wako ulisema, mimi ni mpingo. Msufi ni mti mwema, Domingas. Tunauchonga vinyago vyepesi, tunauchonga vijiko. Wewe uliuonea haya, ukaupaka uongo, na uongo ndio uliomla mtoto midomo." Alimweka boneka chini. "Nilimtazama yule tembo wako mmoja asiyefanana na wenzake. Masikio yake ni mazuri. Yule mmoja. Wale tisa wengine hukuwachonga, uliwatoa tu."

Domingas hakujua kama amesifiwa au amekaripiwa. Yote mawili, nadhani.

Adhabu yake ilikuwa kwenda kwa Somoe kila siku kufua vitambaa vya mtoto mpaka apone. Siku za mwanzo Somoe hakumsemesha neno. Domingas alifua, akaanika, akaondoka. Jioni mjomba alimfundisha kushika patasi. Wanaume wawili watatu walinung'unika kwamba tangu lini mwanamke akachonga. Cândido aliwajibu kwamba mkono umekwisha chonga, na ni afadhali ujifunze kuliko ujifiche. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Baada ya wiki mbili midomo ya Mwanawetu ilikuwa imepona, ikabaki alama ndogo ya waridi. Siku hiyo Domingas aliibeba kazi yake mpya, tembo mmoja tu wa msufi, mweupe vilevile alivyotoka mtini, amesuguliwa kwa majani ya msasa tu mpaka akawa laini kama shavu. Mjomba alimsindikiza. Mzee Mwinyimadi alikuwa mlangoni, na Anli alikuwa amepitia kumwona mtoto.

"Nimemletea Mwanawetu," Domingas alisema. "Hakupakwa kitu."

Mwanawetu alinyoosha mikono yote miwili. Somoe akaishusha.

"Ulisema mpingo, na haukuwa mpingo," alisema. "Tia wewe kwanza."

Domingas alimtia tembo kinywani mbele ya wote, akamnyonya mkonga, akamng'ata masikio, huku machozi yakimtiririka kwa haya. Hakumtoa. Alingoja Somoe amwambie. Somoe naye alimtazama midomo kwa muda mrefu, kama anayengoja wali uive.

"Hii iwe sheria ya banda langu tangu leo," Mjomba Cândido alisema kwa upole. "Kitu cha mtoto, mwenye kukitengeneza ndiye atakayekionja wa kwanza. Akiogopa kukionja, basi analo jambo analolijua na hajalisema. Iwe mti, iwe plastiki, iwe hata uji."

Mwishowe Somoe alinyoosha mkono. Alimpokea tembo, akamfuta mate kwa pindo la khanga yake, akampa mwanawe.